Kopo la Akiba

Jumatano, 5 Februari

Shangazi, shikamoo.

Leo nusura nivunje sahani ya maabara, ila haikuvunjika, kwa hiyo kazi bado ninayo. Iliniponyoka kwenye povu, ikaruka ukingo wa sinki, mi nikaidaka kwa tumbo. Mzee wa Mvuke, huyu ninayefanya naye kazi, akaniangalia, akasema, "Kijana, hiyo mikono miwili umepewa ya nini?" Nikairudisha kwenye povu. Hapa nao wananiita Kimya, kama wewe nyumbani. Sikuwaambia, wamejionea wenyewe.

Mimi mzima. Chumba hakivuji. Jirani yangu ni fundi cherehani, akishona ukuta unatetemeka, ila mchana siko, tunaishi vizuri. Nyie je? Mguu wako? Yule mbuzi mtundu kazaa?

Umesema majirani wanakuambia eti naosha maiti. Shangazi, waambie naosha vyombo. Mtu akiwa na homa isiyoeleweka, maabara wanachukua damu yake wanaiotesha. Wana visahani vya kioo vina kitu kama uji ulioganda, vijidudu vikiwemo vinaota juu yake kama ukungu kwenye mkate. Halafu wanaweka vikaratasi vya duara, vidogo kama kucha ya kidole cha mwisho, kila kimoja kimelowekwa dawa yake. Kesho yake wanaangalia. Dawa inayofaa imezungukwa na duara safi, vijidudu vimeikimbia. Isiyofaa, vimeota mpaka vimeikumbatia. Mkubwa wetu, tunamwita Mama Maabara, anapima kwa rula anaandika. Akimaliza mi nabeba sinia la sahani nampelekea Mzee, anazipika kwenye chungu cha mvuke mpaka kila kitu kife, ndipo naosha. Kwa hiyo kabla hazijapikwa naziona. Hakuna anayenikataza kuangalia.

Sasa nina swali. Barua yako ya mwezi uliopita umeandika mwenyewe. Mistari yako naijua, inapanda mlima. Siku zote wewe unasema, Chiriku anaandika, halafu mwishoni anachomeka mstari wake wa kunicheka. Safari hii mstari haupo. Nimegeuza karatasi nyuma, nimeangalia mpaka ndani ya bahasha. Mdogo wangu yule hata usingizini anaongea. Yuko wapi?

Ningepiga simu, ila unanijua, nikisikia "haloo" tu maneno yanarudi tumboni. Dereva wa gari la chanjo anakuja zahanati yenu kila Alhamisi, ukimpa barua jioni ninayo.

Mwanao,
Kimya


Alhamisi, 20 Februari

Mwanangu, marahaba.

Usinune. Alhamisi mbili dereva kanipita, ana haraka kama kaiba kitu. Leo nimemvizia mlangoni kwa muuguzi.

Mguu unaniamsha asubuhi kunikumbusha kwamba upo. Mbuzi kazaa mapacha, mmoja mweupe, mmoja hajulikani rangi. Paa la jikoni lilikuwa linafumuka, nimelipigilia mwenyewe, majirani wamesimama chini wananipa ushauri.

Mdogo wako hajambo. Hakuandika kwa sababu ana masomo mengi. Kahoma kadogo kalimshika, kakaenda. Nilimpa vidonge vya kwenye kopo, viwili asubuhi viwili jioni, siku ya tatu akaomba chakula. Vilivyobaki nikavirudisha. Akiba haiozi. Na nikamchemshia lile gome langu chungu, unalijua, ulikuwa ukiliona tu unapanda juu ya kabati. Siku hizi hata mke wa mwalimu anakuja kuniomba.

Anakusalimu sana.

Na wewe usiwe mtu wa kugeuza geuza bahasha. Ukila ushibe, ukilala ulale.

Shangazi yako


Jumatano, 26 Februari

Shangazi, shikamoo.

Hongera ya mapacha. Huyo asiyejulikana rangi mpe jina langu, tutafanana.

Salamu za Chiriku nimezipata kwa mwandiko wako.

Nikueleze jambo. Jumatatu nilibeba sahani ya mama mmoja aliyelazwa na homa ya matumbo. Ilikuwa na vikaratasi vitatu. Vyote vitatu vimekumbatiwa, duara hamna hata moja. Nikamsikia Mama Maabara anamwambia daktari, "Sugu hivi. Sugu kwa zote tatu."

Mi sugu ninayoijua ni hizi za mkononi. Nikaweka sinia chini, nikaangalia viganja vyangu. Mama Maabara akaniona. "Kimya, una nini?" Nikamwonyesha kiganja, nikasema, "Sugu, ndiyo hii?" Chumba kizima kikacheka, mpaka Mzee wa Mvuke ambaye hakusikia swali akaanza kucheka ili asibaki nyuma. Nilitamani kuingia kwenye chungu. Ila yeye Mama alikuwa ameacha kucheka. Akanishika mkono, akaminya pale chini ya kidole. Akasema, "Ndiyo hiyo hiyo. Hii uliipataje?"

Nikamwambia, jembe.

"Siku moja ya jembe inaota sugu?"

Nikasema hapana. Siku moja jembe likikuchubua sana ngozi inatoka yote. Sugu inakuja ukilima kidogo, ukapumzika, ukalima kidogo.

Akasema, "Basi. Ukimpiga kijidudu dozi nzima, anakufa. Ukimsugua kidogo ukaacha, ukamsugua tena ukaacha, wanyonge wanakufa, wale wagumu wanabaki, wanazaa wagumu wenzao. Mwishoni una homa yenye sugu. Dawa inapita juu yake kama mwiba kwenye unyayo wa mchungaji."

Yule mama mgonjwa alikuwa anakunywa vidonge siku mbili tatu, akipata nafuu anaacha, vingine anaweka.

Shangazi, kopo letu nalijua tangu nina miaka saba. La maziwa ya unga, kifuniko cha bluu, juu ya kabati upande wa ukutani. Nakumbuka kila mtu nyumbani akiugua dozi ilikuwa inakatwa katikati. Sisemi kitu. Nauliza tu. Kale kahoma kadogo kamekuja mara ngapi?

Kuna ile methali uliyonifundisha nilipoficha jipu la mguu wiki nzima. Mficha maradhi. Mwisho wake namalizia moyoni, si adabu kukuandikia wewe.

Kimya


Alhamisi, 27 Februari

Marahaba.

Dereva kakaa barazani kwangu anasubiri niandike. Kasema huondoki kazini jioni mpaka gari lirudi, unasimama getini kama mlingoti. Haya, soma vizuri basi.

Shule uliiacha darasa la tano ukidai mwalimu anakuangalia sana. Leo kuangalia visahani kumekufanya daktari wangu. Ulipokuwa na miaka tisa ukatapika siku nne mfululizo, ulikunywa nini? Ulikunywa vya kopo. Ungekuwepo leo kunihesabia nimekata dozi ya nani?

Kwa nini kuna kopo nyumba hii hujui, wala hukuwahi kuniuliza. Na usiniulize.

Umeuliza mara ngapi. Mara tatu. Ilianza mvua zilipokatika. Inaondoka kama wiki mbili, inarudi. Hii ya tatu ana siku ya sita. Anakula kwa kijiko cha chai, nywele zinabaki kwenye mto. Haongei. Mimi nimelea watoto wa watu, sijawahi kuogopa kelele, ila huyu mtoto akinyamaza nyumba yote inanielemea.

Vidonge simpi tena, vimegoma. Nampa gome. Nimefunga kipande kwenye kitambaa, kipo na barua. Mpe huyo Mama Maabara aliweke kwenye sahani yake, kama hodari kweli. Duara likitokea, uniandikie uniombe radhi. Lisipotokea, uandike vile vile.

Shangazi


Jumapili, 2 Machi

Shangazi, shikamoo.

Naandikia maabara, leo zamu ni ya Mama mwenyewe na mi nimekuja ingawa ni siku yangu ya mapumziko. Kwetu wote wazima. Fundi cherehani kanishonea mfuko wa shati bure, kasema ule wa zamani ulikuwa aibu kwa mtaa. Salamu zimeisha, nisikuchoshe.

Alhamisi nilisoma barua yako pale pale getini. Nilitaka kupanda chochote nije. Kisha nikajiuliza, nikija nitafanya nini? Nitasimama mlangoni nimwangalie. Nikarudi ndani na kile kitambaa.

Mama Maabara alikuwa anaandika, na watu wanne wapo. Nikasema ninalo gome. Akasema bila kuinua kichwa, "Hapa si jikoni." Kawaida ningeondoka. Miguu ilishaanza kugeuka. Nikasema, "Mama, shangazi yangu ndiye aliyenilea. Mdogo wangu ana homa mara ya tatu, vidonge vimegoma, shangazi anaamini hili gome. Nikimwambia aache bila kulijaribu hatanisikia." Nafikiri sijawahi kusema maneno mengi hivyo mahali pamoja tangu nizaliwe. Mzee wa Mvuke akasema, "Kumbe huwa anaongea."

Mama akachukua. Ijumaa akalichemsha kwenye kichupa kama unavyofanya wewe, akaloweka kikaratasi, akakiweka kwenye vile vijidudu vyenye sugu vya yule mama mgonjwa. Halafu akafungua chakula chake cha mchana, akatoa siki, akaloweka kikaratasi kingine akaweka upande wa pili.

Jana tukaangalia. Gome lako lina duara. Jembamba, kama ukingo wa kucha, lakini lipo, nimeliona kwa macho yangu. Siki ina duara kubwa zaidi.

Akaniambia hivi, nakuandikia kama alivyosema: "Mwambie shangazi yako gome lake si uongo. Watu huanzia hapo hapo kutafuta dawa, kisha wanahangaika miaka mpaka wajue kipimo na madhara. Lakini kuua kwenye sahani si kuua kwenye damu. Siki imeua zaidi. Je, tumjaze mtoto siki?" Na akasema umhifadhie kipande kingine, hili kaliandikia namba.

Kwa hiyo radhi, tugawane nusu kwa nusu.

Sasa nakuomba. Mama kaongea na dereva, anakuja kesho badala ya Alhamisi. Ana chupa mbili zina supu ya rangi ya chai. Msinywe, ni chakula cha vijidudu. Muuguzi wa zahanati amtoe Chiriku damu aweke humo, kabla hajanywa kidonge kingine chochote. Umwambie muuguzi yote, ni vidonge gani, siku ngapi, lini ya mwisho. Hata yale ambayo mimi huniambii, yeye mwambie. Na kama ataanza kuweweseka, au tumbo likimkaza ghafla likawa gumu, au akiona damu chooni, usisubiri sahani wala barua. Mpakie kwenye gari lolote mje huku. Mi niko getini.

Kimya


Jumatatu, 3 Machi

Mwanangu, marahaba.

Damu imetoka. Hakulia. Muuguzi alitafuta mshipa mara mbili, Chiriku kageuza uso ukutani tu. Chupa hizo dereva kazifunga kwenye shuka lake mwenyewe.

Muuguzi akaniuliza, vidonge gani? Nikamwambia vyeupe. Akasema vyeupe viko aina ishirini. Basi nikaenda nyumbani na mguu wangu, nikarudi na kopo, nikalimimina mezani kwake.

Vyeupe, vya njano, vya rangi mbili. Vingine vimegandana kama sukari ya zamani. Vingine nilivigusa vikawa unga. Kuna kimoja kina kutu, sijui kutu ya nini maana si chuma. Tukakaa tunaviangalia wote wawili. Nikasema akiba haiozi, nikasikia aibu kabla sijamaliza.

Nitakuambia la kopo, kwa sababu dereva kaenda kutafuta maji ya gari na nisipoliandika sasa sitaliandika.

Baba yako, kaka yangu, aliumwa homa hii hii. Wewe una miaka saba, Chiriku yuko mgongoni kwangu, mama yenu ameshatangulia. Nilikwenda dirisha la dawa Jumatatu, wakasema zimeisha, njoo Ijumaa. Nikarudi Jumanne, wakasema Ijumaa. Yeye akaondoka Alhamisi. Ijumaa dawa zikaja. Nilizipokea. Mwenye kuzinywa hakuwepo, nikazitia kwenye kopo la maziwa ya Chiriku.

Nikaapa nyumba yangu haitaambiwa tena njoo Ijumaa. Kila aliyepata nafuu kwangu nilimkata dozi, nikamwekea anayefuata. Nilikuwa nawalinda nyie. Kumbe nilikuwa nasugua. Miaka yote hiyo nasugua.

Muuguzi hakunigombeza. Ningependa angenigombeza.

Shangazi


Ijumaa, 7 Machi

Shangazi, shikamoo.

Nisalimie mapacha wa mbuzi. Naandika haraka, gari linaondoka kesho alfajiri na nataka usome kabla hujampa kitu.

Jumanne chupa ilichafuka kama maji ya mchele, maana yake vimeota. Jana wakaweka vikaratasi, safari hii vitano, Mama kasema tusibahatishe. Leo Mzee wa Mvuke alitaka kubeba sinia, nikamkatalia. Namba ya sahani ya Chiriku nilikuwa naijua.

Vitatu vya kwanza vimekumbatiwa. Hivyo ndivyo vilivyojaa kwenye kopo. Cha nne duara dogo la kusitasita. Cha tano, shangazi, kina duara pana kama kitako cha kikombe. Jeusi, safi, hamna kitu. Mama akaweka rula, akanipa mimi nisome. Nikasoma. Akasema, "Soma tena, kwa sauti." Nikasoma kwa sauti.

Daktari kaandika, dawa nimeichukua mwenyewe dirishani. Ni vidonge saba, kimoja kila siku saa ile ile, muuguzi anayo karatasi na atapita kumwangalia. Ni saba. Si vitano. Hata siku ya nne ukimkuta anaruka kamba, ni saba. Kikibaki hata kimoja tunakiotesha kijidudu sugu, na baada ya kikaratasi hiki cha tano sijui watakuwa na karatasi gani.

Barua yako kuhusu baba nimeisoma. Nimeiweka kwenye ule mfuko mpya. Sikujua kwamba lile kopo lilikuwa la baba.

Kimya


Alhamisi, 20 Machi

Mwanangu, marahaba, na Mungu akupe maisha.

Mguu haujambo, nadhani umeona mwenzake kaugua kweli ukaona haya. Muuguzi alikuja kukagua kisima, kasema kiko karibu na choo kuliko jirani na jirani. Sasa maji yote nachemsha, na mikono tunaosha mpaka imekunjamana. Serikali ya mtaa wameahidi kuchimba kingine. Wakiahidi tena nitakuarifu.

Nikueleze siku zenyewe.

Siku ya kwanza mpaka ya tatu, homa vile vile. Nilikutukana kimoyomoyo, unisamehe. Siku ya nne ikashuka asubuhi, jioni ikapanda kidogo. Siku ya tano nimemshika shingo, baridi. Kaniambia, "Shangazi, nina njaa." Akala, akaomba tena, akala, akaniuliza kwa nini viazi ni vichache.

Nikaenda kuchukua kidonge cha siku hiyo. Nikampa. Vikabaki viwili kwenye kibahasha. Mtoto kapona, anakula, anagombana na mimi habari ya viazi. Vidonge viwili vizuri, vipya, vinavyofaa. Nikawaza mtaa mzima. Nikawaza Ijumaa. Mwanangu, sitakudanganya, mkono ulikwenda wenyewe. Kopo lilikuwa tupu, muuguzi alichukua vile vya zamani akasema wataviteketeza, lakini kopo nilibaki nalo, sikuweza kulitoa. Nikashika kifuniko. Kimefunguka.

Chiriku akasema kutoka kitandani, sauti kama kifaranga, "Shangazi, hivyo viwili ni vyangu."

Nikakaa chini pale pale. Nikacheka, nikalia, sijui kipi kilianza.

Cha sita kanywa Alhamisi. Cha saba kanywa Ijumaa. Nilimwambia afungue mdomo nione kama kakimeza, akasema mimi ndiye wa kufunguliwa mdomo.

Kopo nimelitia chumvi. Hiyo nayo haiozi, na haina ubaya na mtu.

Shangazi yako

*Kaka, mistari ya shangazi imepanda mlima mpaka ikabidi niandike huku bondeni. Nywele zinaota, saa hizi nafanana na wewe, sitoki nje. Nasikia umeongea mbele ya watu wanne. Sijaamini. Leta mashahidi. Chiriku.*


Jumatano, 23 Aprili

Shangazi, shikamoo. Na wewe bondeni, hujambo?

Mashahidi ninao. Mzee wa Mvuke kasema yuko tayari kuapa, ila alihesabu watu watano na yeye.

Kile kichupa cha choo cha Chiriku kilichokuja na dereva wiki iliyopita, mi ndiye nilikipokea. Dereva alikuwa amekishika kwa ncha za vidole mkono umenyooka. Wamekiotesha kwa zile sahani maalumu, hakuna kijidudu cha homa kilichoota. Mama Maabara kasema ataomba kingine mwezi ujao ahakikishe, kwa sababu wengine wanapona halafu vinajificha ndani yao bila kuumwa. Lakini kwa sasa, safi. Nilipoiosha sahani ile niliisugua mara mbili, halafu nikakumbuka neno lako la kusugua nikaacha.

Yule mama wa homa sugu naye katoka wodini. Kapita na mumewe, anatembea taratibu.

Kipande cha pili cha gome kimefika. Mama kasema kuna chuo wanapokea mizizi na magome kama hayo, kalituma na namba yake, na chini kaandika "kutoka kwa shangazi wa Kimya". Kasema majibu yanaweza kuchukua miaka. Nikamwambia shangazi yangu anaweza kusubiri miaka, ila atauliza kila Alhamisi.

Na kuna kitu kidogo. Mama kaninunulia daftari. Kasema nikiona kitu kwenye sahani niandike, nisiishie kuangalia. Nikamwambia mi darasa la tano. Akasema, "Barua za shangazi yako huwa anaandikiwa na nani?" Nikasema anaandika mwenyewe siku hizi. Akasema, basi na wewe utaweza.

Nilikuwa na mengi ya kusema, lakini Mama ananiita. Kuna baba mmoja dirishani kwetu, mtoto wake katoka wodini jana. Kashika kibahasha kina vidonge vinne, anasema mtoto ameshapona, anauliza avihifadhi wapi visiharibike. Mhudumu kamwambia virudi kwa mtoto, ila naona hajamwelewa, na foleni inamsukuma. Mama kasema, "Kimya, hilo ni lako. Nenda ukamwonyeshe mikono yako."

Ameanza kukikunja kile kibahasha. Ngoja niende kabla hajakitia mfukoni.